Usipandishe Sauti, Punguza Kinachoifunika

Leo nasema na wewe unayerekodi nyimbo za injili nyumbani, kompyuta moja na hedifoni, usiku watoto wakishalala. Najua umejinyima mengi. Ndiyo maana inauma mshirika akisikiliza wimbo wako kwenye simu kisha aniulize, "Pastor, huyu anaimba nini?" Sauti ni kubwa, lakini ujumbe haujafika. Paulo aliwaonya Wakorintho kuhusu tarumbeta ambayo mlio wake haueleweki: hakuna askari atakayejiandaa.

Kwanza, jua sikio lako. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi na sauti nyembamba za juu kwa uhafifu kuliko za katikati. Ukiongeza sauti, besi inajitokeza yenyewe. Kwa hiyo kilichozidi ukubwa kidogo tu huonekana ndicho bora. Usidanganyike! Chukua wimbo uliochanganywa vizuri, ulinganishe ukubwa wake na wako, ndipo upime. Fanya kazi kwa sauti ambayo mtu akiingia chumbani mnaweza kuzungumza bila kupaza. Na upumzishe masikio.

Pili, kila chombo kinataka kiti cha mbele. Gita la besi, ngoma kubwa na mkono wa kushoto wa kinanda, vyote vinagombania chini. Maneno yakipotea, kidole chako kitakimbilia kumpandisha mwimbaji. Halafu ngoma itafifia, uipandishe. Halafu kinanda. Mwisho taa nyekundu inawaka na sauti inakwaruza. Mpendwa, anza kwa kushusha vyote. Mweke mwimbaji kwanza, wengine waingie mmoja mmoja. Kwenye ikwalaiza, ondoa mngurumo wa maiki ulio chini ya Hz 80 hivi. Kati ya Hz 200 na 400 ndipo sauti nyingi hurundikana na kuleta uzito. Punguza kidogo hapo kwenye kinanda, usikie maneno yakitoka. Kisha jaribu kwenye simu, kwenye redio ya jikoni, kwenye gari. Wasikilizaji wako wako huko.

Tatu, acha mashindano. Wengine hukandamiza wimbo wote ili uwe mkali kuliko wa jirani. YouTube na Spotify kwa kawaida huushusha wimbo uliozidi takriban LUFS -14. Utakuwa umeua uhai wa ngoma, na ukubwa wenyewe usiupate. Acha angalau desibeli 1 ya nafasi pale juu kabisa.

Sasa nawe usiyerekodi chochote, sikia. Kuna nyumba ambamo mtoto hasikiki. Tunamwambia, "Sema kwa nguvu!" Kumbe hana tatizo la sauti. Televisheni iko juu, baba yuko juu, simu inalia mezani. Mtoto huyo hahitaji kupiga kelele. Anahitaji sisi tushuke.

Jioni hii chagua kitu kimoja cha kushusha, kwenye wimbo au kwenye nyumba. Kisha nyamaza usikilize ni nani alikuwa anasema muda wote huo.