Deni la Gari la Waya



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi, wazazi na walezi, mwaka huu tulitakiwa tuandike juu ya adabu za mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Tuliomba tuachiwe tuandike upande wa pili, yaani deni la mwalimu kwa mwanafunzi wake, kwa kuwa deni hilo lilitufika sisi wenyewe, na wengi wenu mlikuwepo chuoni siku lilipoanza.

Ilikuwa Jumatatu baada ya sala ya Alasiri. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la Juzuu Amma, mwenye umri wa miaka kumi, alikuja chuoni na gari la waya. Mkazi wa Mchikichini hahitaji kuelezwa gari la waya ni nini, lakini jarida hili husomwa pia na jamaa zetu walio mbali, basi tueleze kidogo. Ni gari la kuchezea ambalo mtoto hulitengeneza kwa mikono yake. Hukunja waya mnene akapata chesisi, akakunja waya mwembamba akapata bodi, na kila zinapokutana nyaya mbili hufunga kwa uzi wa shaba uliochomolewa kwenye mota mbovu, au kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Magurudumu hukatwa kwa wembe kutoka kwenye malapa yaliyokwisha. Kwenye ekseli ya mbele husimamishwa waya mrefu unaofika kifuani mwa mtoto, na ncha yake hukunjwa duara ikawa usukani. Mtoto hutembea nyuma ya gari lake akilipinda kushoto na kulia bila kuinama. Wenzetu wa Malawi huliita galimoto, jina ambalo sikio la Mswahili halihitaji mkalimani.

La huyu mwanafunzi lilikuwa daladala, Toyota Coaster, lenye bodi ya bati la kopo la maziwa ya unga, vioo vya chupa ya maji, na mstari ubavuni uliopakwa kwa rangi ya kucha. Wenzake walikuwa wanasoma Suratun Naziat, yeye alikuwa mlangoni akiliendesha katikati ya viatu na kuita abiria kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya mtoto wa Mchikichini mnaijua. Tulikwisha kumwonya mara mbili. Mara ya tatu tulimnyang'anya, tukalirusha kwenye kona, na wakati wa kufunga chuo tukaegemeza ubao pale pale bila kutazama. Kesho yake tulipouinua ubao tulikuta paa limebonyea, ekseli ya mbele imepinda, na ubavu mmoja umechanika.

Tungependa kusema kwamba tulijuta papo hapo. Ukweli ni kwamba tuliona ni takataka kidogo za waya, tukaziweka ndani ya mfuko wa plastiki, tukaendelea na kazi.

Mwanafunzi hakuja siku hiyo. Hakuja siku tisa. Siku ya kumi alikuja mama yake, ambaye huuza mihogo ya kukaanga karibu na uwanja wa Karume tangu meza yake ya mitumba ilipoteketea pamoja na soko mwezi wa Januari 2022. Alitoa salamu, akasimama nje ya mlango, akasema, "Ustaadh, samahani kwa kukusumbua. Mtoto hataki kuja chuoni na hasemi kwa nini. Usiku anakaa na babu yake tu." Tulimwuliza kama alitaja gari. Akasema, "Lile gari ni la babu yake, Ustaadh. Yaani ni lao wote wawili."

Hapo ndipo tulipojua habari yenyewe. Babu alikuwa dereva wa daladala kati ya Kariakoo na Mbagala kwa miaka mingi. Alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na tangu hapo halali isipokuwa kwa kugeuzwa na hatoki nje. Mjukuu alianza kulitengeneza gari kando ya kitanda, na babu akawa anaelekeza kwa mdomo: kioo hapa, ngazi pale, kiti cha kondakta hakuna, kondakta hasimami wala hakai. Kazi hiyo iliwachukua karibu mwezi mzima.

Tulifanya lile ambalo wengi wetu wakubwa hulifanya. Tulikwenda Mtaa wa Kongo, tukanunua basi la plastiki kwa shilingi 8,000, la rangi nzuri, lenye king'ora na taa zinazowaka, tukalipeleka. Mtoto alilipokea kwa mikono miwili, akasema "Ahsante, Ustaadh," akalisukuma chini ya kitanda. Tulimwomba atusamehe. Akasema amesamehe. Tukaona mambo yamekwisha.

Hayakwisha, na kilichotunyima usingizi ni vitabu vyetu wenyewe. Katika fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafii tuliyosomeshwa, mwenye kuharibu mali ya mtu analazimika kuidhamini, awe amekusudia au hakukusudia. Na mtoto mdogo ana mali kama mtu mzima, ila hana uwezo wa kuitoa bure. Asiyebaleghe akisema "nimekusamehe" katika mali yake, msamaha huo hauondoi deni. Basi tulikuwa tumesamehewa na mtu ambaye sheria haimpi nafasi ya kutusamehe! Kitu chenye mfano wake hulipwa kwa mfano, na kisicho na mfano hulipwa kwa thamani. Sasa gari hili lina thamani gani? Waya wa kuokota, kopo tupu, malapa mabovu. Ukilipeleka sokoni hupati hata nauli. Na mfano wake haupo Kongo wala Msimbazi.

Tuliikumbuka Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari kuhusu bakuli. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, mke mwingine akapeleka chakula ndani ya bakuli, na mwenye nyumba kwa wivu akampiga mkono mtumishi, bakuli likavunjika. Mtume (S.A.W.) alivikusanya vipande na chakula kwa mkono wake, kisha akamzuia mtumishi asiondoke mpaka likaletwa bakuli zima kutoka katika nyumba ile ile, likapelekwa kwa mwenyewe, na lililovunjika likabaki kwa aliyelivunja. Tumeisomesha Hadithi hiyo mara nyingi, katika mlango wa wivu wa wanawake. Mlango wa ualimu hatukuwahi kuusoma.

Basi tukarudi na ule mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Maalim. Umelileta?"

"Tumelileta, babu. Tunataka tulitengeneze."

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kaa chini. Shika koleo. Mimi nitasema, wewe utafanya. Na huyu atakusahihisha."

Tuna diploma ya masomo ya Kiislamu, alhamdulillah, na hatukujua kukunja waya. Tulipojaribu kuinyoosha ekseli ya kwanza ilikatika mkononi. Babu akaeleza kwamba waya uliokunjwa na kukunjuliwa mara kwa mara huwa mgumu na mwisho hukatika. Dawa yake ni kuutia kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, kisha uachwe upoe wenyewe taratibu, usimwagiwe maji. Tulifanya hivyo, na waya ukawa laini kama tambi. Ekseli mpya tuliitoa kwenye spoki ya baiskeli, tukaipitisha ndani ya mrija wa kalamu iliyokwisha wino ili izunguke bila kukwaruza. Mrija huo ndio bushi yake.

Magurudumu mawili yalikuwa yamechanika. Duara lake mtoto hulichora kwa kitako cha kikombe cha kahawa, ambacho kina kama sentimita 4. Tulishangaa kwa nini asitumie vizibo vya soda vilivyojaa kila mahali. Akatujibu kwamba kizibo ni kidogo, gari litaonekana limechutama. Tulichukua rula tukapima. Coaster lile refu lina karibu mita 7, na gari lake lilikuwa na sentimita 35, yaani ni sehemu moja ya ishirini, kama skeli mnazosoma katika ramani za Jiografia. Gurudumu la sentimita 75 likigawanywa kwa ishirini halifiki sentimita 4, lakini linakaribia sana. Hakupiga hesabu hiyo kwenye karatasi. Alitazama tu magari pale barabarani. Huko Ulaya wapo watu wazima wanaotengeneza na kukarabati magari madogo kwa vipimo kama hivyo, 1 kwa 24, 1 kwa 43, 1 kwa 64, na wengine huyatunza ndani ya makabati ya vioo. Magari ya Matchbox yaliyoanza Uingereza mwaka 1953 yana kisa chake pia: fundi Jack Odell alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu kichezeo kinachoenea ndani ya kiberiti tu, basi akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara. Yule alifikiria namna ya kuitii kanuni ya shule bila kumnyima mtoto. Sisi tulifikiria kona.

Kitu kimoja hakikulingana na skeli. Paa. Coaster lina kimo cha karibu mita 2.6, hivyo la mtoto lingetakiwa liwe na sentimita 13, nalo lilikuwa na 20. Tukasema hapa umekosea, na kwa kuwa paa limebonyea ni nafasi ya kulikata. Mtoto akatazama chini. Babu akasema, "Maalim, usilikate. Nilikuwa na kondakta mrefu, siku nzima shingo imepinda. Mtoto akasema la kwetu watu wasimame wima."

Tulilinyoosha paa lile lile, kwa kuligonga polepole kutoka ndani juu ya chupa ya soda. Makunyanzi mawili yalibaki. Babu alisema hata gereji kubwa zikinyoosha bodi hubaki alama, ndiyo maana wakaweka rangi.

Pengine mzazi mmoja atauliza, je, mwalimu wa Qur'ani hana kazi nyingine? Tunamkumbusha mambo mawili. Katika Bukhari na Muslim, Bi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) ameeleza kuwa waliwafungisha watoto wao siku ya Ashura, wakawatengenezea vichezeo vya sufi, na mtoto akililia chakula humpa kichezeo mpaka wakati wa kufuturu. Na Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliona kati ya vichezeo vya Bi Aisha (R.A.) farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa, akamwuliza farasi gani huyu ana mabawa, naye akamjibu kwani hujasikia kwamba Nabii Suleiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumwambia farasi wake hana skeli.

Kazi ilituchukua jioni tano, baada ya Isha. Ubavu uliochanika tuliukata upya kutoka kwenye kopo lingine, tukakunja kingo zisimkate vidole, tukatoboa mlango, tukaufunga kwa shaba kwa juhudi kubwa. Jioni ya nne tulilisimamisha sakafuni kwa fahari. Mtoto alilizunguka, akachuchumaa, akatutazama kwa huruma.

"Ustaadh, mlango umeuweka kulia."

Tukauliza kuna ubaya gani.

"Abiria watashukia katikati ya barabara."

Babu alicheka mpaka akakohoa, na mama mtu akaja mbio kutoka jikoni akidhani pana jambo. Tulifungua nyaya zote tukaanza tena. Mstari wa ubavuni ulipakwa kwa rangi ya kucha ya shangazi, nyekundu, ingawa babu alisema rangi ya njia yake haikuwa hiyo.

Jumatatu iliyofuata mwanafunzi alirudi chuoni. Alikuwa amesahau aya chache za Suratun Naziat, na tulizirudia pamoja. Hatukumwambia kitu kuhusu siku alizokosa. Pale mlangoni, juu ya mahali pa viatu, tumepigilia ubao mmoja wa mbao, na wanafunzi wameuita Stendi. Mwenye gari hulipaki hapo kabla ya darsa na hulichukua akitoka, na hairuhusiwi kuita abiria. Tulipoandika makala haya palikuwa na magari saba, mawili ya wasichana, na lori moja la mbao ambalo breki zake, kwa maelezo ya mwenyewe, bado zinafanyiwa kazi.

Taa moja ya nyuma ya lile Coaster haijapatikana. Ilikuwa kipande cha plastiki nyekundu, na babu anasema bila taa hiyo gari halitoki usiku. Mwenye nacho atuletee chuoni, tutalipa.

Wabillahi tawfiq.