Bruno Jikoni, Gretel na Ramani Zake

Kila mwaka darasa langu likimaliza hadithi ya John Boyne kuhusu mvulana aliyevaa pajama za mistari, wapo wanaolia, na wanayemlilia ni Bruno. Jambo hili limenikaa moyoni tangu nianze kufundisha historia katika sekondari ya huku England, ambako Maangamizi ya Wayahudi yamo katika mtaala wa lazima tangu 1991. Wanafunzi wangu wana miaka 13 na 14. Wengi huingia darasani wakiwa wameshaitazama filamu ya 2008, na wanaamini kwamba Auschwitz wanaijua.

Kwa asiyekisoma kitabu chenyewe, kilichotoka 2006: Bruno ana miaka tisa. Baba yake, ofisa wa Kinazi, anahamishwa kutoka Berlin kwenda kuongoza kambi, na familia nzima inahamia nyumba iliyo karibu na kambi hiyo. Mtoto anachoshwa na upweke, anatembea kandokando ya seng'enge, anakutana na Shmuel, Myahudi kutoka Poland aliyezaliwa siku moja naye. Wanakuwa marafiki, huyu upande huu na yule upande ule. Mwishoni Bruno anavaa nguo za wafungwa, anapenya chini ya seng'enge ili amsaidie mwenzake kumtafuta baba yake aliyepotea, na wote wawili wanafia katika chumba cha gesi wakiwa wameshikana mikono.

Ni mwisho wenye nguvu, wala simlaumu mtoto anayetokwa na machozi. Ila mimi darasa nalipeleka jikoni.

Siku moja Shmuel analetwa nyumbani kwa mkuu wa kambi kusugua bilauri ndogo ndogo, kwa kuwa vidole vyake vyembamba vinaingia ndani. Bruno anashangaa kumkuta pale. Anafungua friji, anatoa vipande vya kuku, anampa. Shmuel anakula upesi kwa hofu. Luteni Kotler anaingia, anaona kwamba amekula, anamuuliza nani kampa. Shmuel, kwa kutetemeka, anasema yule ni rafiki yake. Kotler anamgeukia Bruno: unamjua huyu? Bruno anajibu kwamba hajawahi kumwona maishani mwake. Shmuel anapokuja kuonekana tena kwenye seng'enge, uso wake umevimba na una michubuko.

Ukurasa huu tunausoma kwa sauti, kisha nauliza swali moja: Bruno alijua nini alipofungua mdomo? Hajui chumba cha gesi ni nini. Hajui vita ni ya nini. Lakini anajua kwamba Kotler ni mkatili, anajua kwamba ukweli utamponza yeye, na anajua kwamba uongo utamponza mwenzake. Kwa jambo lililokuwa mbele yake dakika ile, ujuzi huo ulitosha.

“Mwalimu, ana miaka tisa tu!” Hakuna mwaka ninaolikosa jibu hilo, na ni jibu la kuheshimiwa. Sheria ya England na Wales haimshtaki mtoto aliye chini ya miaka 10. Wanafunzi wangu Waislamu, wakiwemo wachache wenye asili ya Zanzibar na Mombasa, huongeza walichofunzwa madrasa: asiyebaleghe kalamu haimwandikii. Hapo huwarudisha madrasa hiyohiyo. Mtoto huamrishwa sala akiwa na miaka saba, na hajabaleghe. Kutoandikiwa dhambi hakumwondolei mzazi wajibu wa kumlea. Basi nani alimlea Bruno, na alimfunza nini?

Tunarudi nyuma kurasa kadhaa. Bruno anaanguka kwenye bembea aliyoitengeneza kwa tairi, anaumia goti. Anayemsafisha kidonda ni Pavel, mzee wa Kiyahudi anayemenya viazi pale jikoni na ambaye kabla ya hapo alikuwa daktari. Mama anarudi, anaelezwa, kisha anasema baba akiuliza, tutasema ni mimi niliyekusafisha. Darasa huwaka moto hapa. Kuna wanaosema mama anamkinga Pavel, kwa sababu mfungwa aliyemgusa mtoto wa mkuu wa kambi angeweza kuadhibiwa. Kuna wanaosema anajikinga mwenyewe. Mimi naona yote mawili yanawezekana, na siwapi jawabu. Ninachowaonyesha ni kwamba mtoto amesikia kwa masikio yake jinsi nyumba ile inavyoishi: ukweli unaomhusu Myahudi hupinduliwa kabla haujamfikia mwenye cheo.

Kisha ni chakula cha usiku. Pavel, hoi kwa njaa, anamwagia Kotler mvinyo, na Kotler anamvamia mbele ya wote. Baba, mwenye amri juu ya kila mtu pale mezani, hanyanyuki. Bruno anaona. Kwa hiyo anapofika jikoni na bilauri, ameshafundishwa namna ya kukana. Katika mlolongo huo yeye ndiye mdogo, na sehemu yake ya lawama ni ndogo vilevile. Ndogo, lakini ipo. Na inaonekana hata Bruno anaijua, maana baadaye anaomba radhi. Asiyejua alilotenda haombi radhi.

Historia halisi inakidai kitabu hiki deni kubwa, nami silifichi. Januari 2020 Jumba la Kumbukumbu la Auschwitz lilisema wazi kwamba yeyote anayejifunza au kufundisha historia ya Maangamizi akiepuke. Wana haki. Mtoto wa ofisa wa SS mjini Berlin asingeweza kutojua Myahudi ni nani. Watoto wa Kiyahudi walifukuzwa katika shule za Wajerumani Novemba 1938. Mwaka huohuo kampuni ya Julius Streicher ilichapa kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto kuwachukia Wayahudi. Kuanzia Septemba 1941 kila Myahudi nchini Ujerumani mwenye umri wa miaka sita na zaidi alilazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo. Rudolf Höss, aliyekuwa mkuu wa Auschwitz kweli, aliishi na mkewe na watoto watano katika nyumba iliyopakana na kambi, na waliolima bustani yao walikuwa wafungwa.

Na Shmuel? Watoto na vijana wapatao 232,000 walipelekwa Auschwitz, wapatao 216,000 kati yao Wayahudi. Wengi wa umri wake waliuawa siku ileile waliyoshushwa kwenye treni. Nafasi ya kukaa kila alasiri kwenye seng'enge yenye umeme na walinzi haikuwepo.

Hata hivyo sijakiondoa kitabu darasani. Boyne mwenyewe alikiita ngano, nami nakisoma kama ngano, tena baada ya watoto kukutana na Petr Ginz. Petr alizaliwa Prague 1928. Akiwa katika geto la Terezín alihariri jarida la Vedem, ambalo wavulana wa bweni lake walilitoa kila wiki wakiandika kwa mkono. Kurasa zipatazo 800 zimesalia. Petr alichora, alitunga, aliwahoji watu na kuandika jinsi geto lilivyoendeshwa. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, akiwa na miaka 16. Mchoro wake wa dunia ikionekana kutoka mwezini, nakala yake, ulikwenda na mwanaanga Ilan Ramon katika chombo cha Columbia mwaka 2003. Hakuwa na ujinga wa Bruno hata chembe: alijua alipo na nani kamweka pale. Na bado alikuwa mtoto. Wanafunzi waliokwisha kumsoma Petr hawaridhiki tena na Shmuel anayesubiri tu, kichwa chini, rafiki amjie. Huanza kuuliza mbona hatuambiwi Shmuel alipenda nini.

Miaka ya karibuni mjadala mkali zaidi umehamia kwa Gretel, dada yake Bruno. Ana miaka 12 na ameshapita umri ule wa kisheria. Ameweka wanasesere kando, amebandika ramani za Ulaya chumbani na kuhamisha pini zake kila siku kufuata magazeti. Anamweleza mdogo wake Wayahudi ni akina nani kwa maneno ya mwalimu wao wa nyumbani. Boyne alimrudia mwaka 2022 katika riwaya nyingine, akiwa kikongwe wa miaka 91 jijini London aliyeficha alikotoka. Wanafunzi wangu wako karibu na umri wa Gretel wa ramani, na nadhani ndiyo sababu hawamwonei huruma nyepesi. Muhula uliopita msichana mmoja alisema Gretel hana hatia ya kilichotendeka kambini, ila zile pini alizichomeka kwa mkono wake. Mwenzake akapinga: mwalimu aliyemletea maneno yale alikuwa mtu mzima, na ni baba aliyemlipa. Walibishana mpaka kengele ikalia, nami nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike barua kwa Gretel wa miaka 12, amwambie anachopaswa kumuuliza baba yake kesho asubuhi.