Kumsikiliza Mshonaji

Juma hili meneja wa kampuni moja ya vitambaa alifika Itumba, akaketi barazani na mafundi cherehani wetu. Mama mmoja akamtandazia kitenge kilichochuja rangi na kusinyaa baada ya kufuliwa mara moja. Meneja hakujitetea, aliandika.

Tulimkumbuka mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887. Ndiye anayetajwa kuanzisha misemo kwenye kanga, zenye chapa “Mali ya Abdulla”. Hivyo kitambaa kikasema kwa niaba ya mvaaji.

Nasi tuliona haya. Kitenge cha sikukuu ya parokia tulikichagua ofisini, pasipo kuwauliza akina mama wanaokinunua. Dominika ijayo, baada ya Misa, tutaketi nao tuwasikilize, kalamu mkononi.