Kompyuta mpya, Pascal ya mjomba

Wiki hii habari za mapenzi tuziweke kando. Kuna kitu kimenitoa jasho kuliko mchumba: kuchagua kompaila.

Kompaila, kwa wale ambao hawajakutana nayo, ni programu inayochukua ulichoandika kwa lugha kama Pascal au C na kukigeuza kiwe programu kamili. Mimi nilitaka yenye uwezo wa kuchora. Kuna mwalimu wa chekechea hapa mtaani ameniagiza mchezo wa kuhesabu: maembe yanadondoka, mtoto anabonyeza namba. Ukikubali, napata mshiko. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana ajira, hiyo si dili ya kuchezea.

Mjomba wangu, aliyesoma kompyuta miaka ile ya 1990, hakutaka hata mjadala. "Turbo Pascal, basi!" Kitabu chake anacho mpaka leo, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Kweli ilikuwa mali. Ilitoka 1983 kwa Dola 49.95, wakati kompaila nyingine ziliuzwa kwa mamia ya dola, na toleo la 4 la mwaka 1987 likaleta vifaa vya kuchorea. Duara unalipata kwa mstari mmoja tu.

Noma ni kwamba ile ni ya DOS, ya biti 16. Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16, na Windows 11, iliyotoka 2021, ni ya biti 64 tu. Ukiibonyeza inakukatalia mchana kweupe.

"Weka DOSBox," mjomba akasema. Sawa, DOSBox inaigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya, na humo Turbo Pascal inapeta. Lakini mchezo utakaozaliwa humo nao ni wa DOS! Ina maana kila kompyuta ya chekechea niiwekee DOSBox, halafu mwalimu anayejua kubonyeza mara mbili tu nimfundishe kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Mjomba, shikamoo, lakini hapana.

Washkaji wa kijiweni wakanisukuma kwenye C na raylib, iliyoanza 2013 kwa ajili ya michezo. Bomba kweli, ila C ningeanza sifuri, na mwalimu hanisubiri. QB64 nayo niliigusa. Ni BASIC ya kizamani iliyovishwa suti mpya, na inatoa programu inayojitegemea. Mimi na BASIC hatupendani, basi.

Nimeangukia Free Pascal. Ni ya bure, ilianza kutengenezwa 1993, na ina Graph yenye amri zilezile za kitabu cha mjomba: InitGraph, Circle, Line. Programu inayotoka ni ya biti 32, ambayo Windows ya biti 64 inaipokea bila maneno. Naitia kwenye flashi, mwalimu anabonyeza, embe linadondoka.

Ila kwenye dirisha la michoro usisome kibodi kwa Crt. Tumia WinCrt, la sivyo utabonyeza mpaka vidole viote sugu na embe halikusikii.

Jana mjomba alipita, akachungulia skrini, akacheka. "Si ndiyo Pascal yangu hii?"

Ndiyo, mjomba, nikamwambia, ila imehama mtaa. Jumatatu naupeleka mchezo chekechea.