Tulale Kasanga, Matai au turudi Kizwite?

Baba alipostaafu ualimu alituambia amebakiwa na safari moja tu: kuona maporomoko ya Kalambo, kisha magofu ya boma la Wajerumani kule Kasanga, waliloliita Bismarckburg. Si mbali. Kutoka kwetu Kizwite hadi Kasanga ni kama kilometa 110. Tulichobishania wiki nzima ni mahali pa kulala.

Dada, aliyekuja kutoka Dar es Salaam akiwa na ujauzito wa miezi mitano, alitaka Kasanga. "Nimetoka kote huko nikalale Matai? Nataka kuamka naliona ziwa." Kaka, ambaye gari ni lake na mafuta ni yake, alitaka tutoke alfajiri na kurudi jioni hiyohiyo, tulale bure nyumbani. Mimi nikasema Matai, nikaonekana mharibu sherehe.

Sababu yangu ilikuwa mbu. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushee. Ukishuka mteremko ule unavua sweta lako la Ufipa, masikio yanaziba, unaingia kwenye joto ambalo mbu wa malaria wanalipenda. Sisi tuliokulia kwenye baridi hatuna kinga waliyoijenga watu wa ziwani kwa kuugua tangu utotoni. Mjamzito ndiyo zaidi: hata aliyekuwa na kinga humpungua, na malaria inaweza kumletea upungufu wa damu, kuharibu mimba au kufanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Mbu hao huuma usiku. Basi mchana mshuke mkaone, jua likizama muwe mmeshapanda. Matai iko juu, njiani, ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, na gesti zipo.

Dada alinijibu kwa kunikumbusha aibu yangu. Mwaka juzi nilikwenda kijiji kimoja cha ziwani kuandika habari za vyandarua, nikalala bila chandarua kwa uvivu wa kukifunga. Siku ya kumi nilikuwa kitandani na dripu.

"Ndiyo maana nasema," nikamwambia. Matai ikapita.

Maporomoko ya Kalambo yana urefu wa zaidi ya mita 200, na mto wenyewe ndio mpaka wetu na Zambia. Baba, mwalimu wa historia, alikaa kwenye ngazi akihema, akatusimulia magogo mawili yaliyochimbuliwa juu kidogo ya maporomoko, upande wa pili. Yamechongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa yana miaka isiyopungua 476,000. Kwa upande wetu huoni lolote kati ya hayo, ni maji na ukungu, lakini alivyosimulia ungedhani alikuwepo.

Kasanga, boma hakulitazama hata dakika tano. Alikwenda moja kwa moja gatini. Hapo ndipo mwaka 1976 alipanda MV Liemba, meli ileile ya Wajerumani, kwenda Kigoma kuanza kazi. Hatukuwahi kulisikia hilo. Saa kumi na moja nikaanza kutazama saa.

"Baba, twende."

"Nyie nendeni. Mimi nalala hapa."

Hakuna aliyembishia. Nikatoa chandarua kwenye begi langu, Kaka akabaki naye, mimi nikaendesha gari kurudi Matai na Dada. Tulipomaliza mlima akaniuliza, "Kama hukutaka tulale kule, chandarua ulibeba cha nini?"

Tuliporudi nyumbani nilimgusa Baba paji la uso kila jioni. Siku ya kumi na moja akasema kichwa kinamgonga. Nikamkimbiza zahanati nikiwa nimeshajua jibu. Kipimo cha haraka kikaonyesha hana malaria. Muuguzi, kwa utulivu tu, akamfunga kipima presha mkononi: 170 kwa 100. Akarudia, ikawa vilevile. Kumbe kule kuhema kwenye ngazi nilikuona kwa macho yangu, nikasema ni uzee.

Sasa anameza vidonge kila asubuhi, na chumvi tumempunguzia, jambo analolilalamikia kila anapokula maharage. Juzi amesema anataka kufika Kigoma. Kaka ameshaanza kuuliza tutalala wapi.