Ua la Soli ya Ndala

Kuchonga kwetu hakukuwa jambo la kufundishwa shuleni. Mtoto wa Nanyamba alikuwa ameshaona tezo na patasi kabla hajashika penseli ya rangi. Kwa hiyo mwalimu wa sanaa alipotuagiza kila mmoja aje na mhogo, walionung'unika walikuwa mama zetu peke yao, maana mhogo ule ulikuwa chakula.

Mwalimu alikata mhogo katikati, akachonga ua kwenye uso wa mkato, akaupaka rangi na kuugonga kwenye daftari. Tulipiga makofi. Lakini mhogo una ule uzi mgumu wa katikati unaoacha tundu kwenye kila ua, hutoa maji yanayofifisha rangi, na kesho yake umesinyaa. Baadaye sana nilikuja kujua kuwa mafundi wa Unguja, karne ya 19 ikielekea mwisho, walikuwa wakipigia kanga chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa kwa mkono. Wangetucheka.

Mpira uliingia kwa sababu ya kadi za mtihani. Miaka ya tisini, darasa la saba au kidato cha nne wanapokaribia kukaa chumba cha mtihani, kila mmoja alitaka kupelekewa kadi ya heri. Za dukani, zenye mawaridi yanayong'aa, zilitoka Mtwara mjini, na waliozimudu walikuwa wachache. Binti wa mjomba wangu akachukua ndala iliyokatika mkanda, akaigeuza soli, akaanza kukata.

Ufundi wenyewe ulikuja kidogo kidogo. Ua lilichorwa kwa penseli laini kwenye karatasi, karatasi ikalazwa kifudifudi juu ya soli na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko hadi mchoro uhamie kwenye mpira. Kisha nusu ya wembe, iliyofungwa kwenye kijiti, iliondoa kisichotakiwa. Vitundu vya katikati ya ua vilitobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Herufi ndizo zilizotutoa jasho. Kwenye neno HERI, H na I hazina shida, ila E na R lazima zichongwe zikitazama nyuma.

Mjomba, mchongaji wa mpingo, alikuwa akitupitia uani na kusimama bila kuitwa. "Mwanangu, unaikata petali miguu. Itasimama na nini?" Alichukua wembe akatuonyesha: mkato uelekee nje, chini pabaki papana kuliko juu. Ukikata kwa kuingia ndani, petali nyembamba hulala kila ukiigonga na mstari wake unapinda.

Hatukuchonga ua zima, na hilo ndilo ninalojivunia hadi leo. Tulichonga petali moja, tukaigonga mara tano huku tukizungusha karatasi. Ua la mkorosho lina petali tano, dogo, jeupe linaloelekea kuwa jekundu, na lilikuwa linatuzunguka tangu Juni, wazee wakipuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Mawaridi tuliwaachia wenye maduka. Ukigonga petali yenye rangi na kuigonga tena bila kuipaka upya, ya pili hutoka hafifu, ikaonekana iko nyuma ya ile ya kwanza. Ukitaka jani lijifiche chini ya ua, unalifunika ua kwa karatasi iliyokatwa umbo lake, unagonga jani juu, unabandua.

Rangi ilikuwa ile ya unga ya kutilia ukindu, iliyokorogwa na uji mwepesi wa wanga wa mhogo ili isitiririke. Kipande cha sponji ya godoro ndani ya mfuniko wa kopo la kiwi kilitosha kuwa kidau. Karatasi ilikuwa manila, kama ya chati za darasani.

Kutoka kadi za mtihani tukaingia kwenye harusi, na huko ndiko kulikokuwa na fedha. Harusi za kwetu hufuata korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza msimu wa 2007/08 na malipo yakawa kwa awamu, nilisikia kamati zikipanga tarehe kwa kungojea malipo ya pili, nasi tukangojea pamoja nazo. Muda si mrefu kompyuta na printa zikafika, na kadi yenye ua la rangi sita ikatoka kabla hujamaliza soda. Nilidhani kazi yetu imekwisha.

Ikatokea kinyume. Kadi ya mashine ni rahisi kutolewa nakala. Kamati moja ilijikuta na wageni wengi kuliko sahani, kila mmoja ameshika kadi halali kwa macho. Harusi iliyofuata, mweka hazina alikuja uani akitaka ua dogo kwenye pembe ya kila kadi, la mpira, lenye mkwaruzo ambao yeye na mshika mlango tu wanaufahamu. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu: pambo liligeuka mlinzi. Tulilipwa vizuri kuliko tulipokuwa wapambaji, na sikuona ubaya wowote. Soli ile tulikuwa tukiivunja baada ya sherehe.

Michango ya harusi ikahamia kwenye simu, kadi nazo zikafuata. Mwaliko wa leo unakuja WhatsApp na msimbo wa miraba, kijana mlangoni anauelekezea kamera, basi. Msimbo huo hunakilika kirahisi, lakini nakala haisaidii, maana ukishasomwa mara moja, wa pili anarudishwa. Ni kifaa bora kuliko ua langu kwa kazi hiyo, na nasema hivyo bila kinyongo.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, rambo zikatoweka na wauza korosho za kukaanga wakahamia mifuko ya kaki isiyo na maandishi. Mpwa wangu ndiye anayeipiga chapa sasa: petali tano za mkorosho, na jina la muuzaji chini yake. Tunabishana kuhusu rangi. Kaki hunywa rangi zaidi kuliko manila, na mimi namwambia aongeze wanga. Yeye anasema wanga ukizidi rangi haikauki haraka, na wateja wake hawana subira.