Aliyekuja na Vita

Muhula uliopita, katika somo la maadili ya uandishi wa habari, mhadhiri wetu alizima taa za darasa akatuwekea Welcome to Sarajevo. Ni filamu ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Michael Winterbottom, kuhusu waandishi wa televisheni wanaoripoti kutoka mji uliozingirwa. Mmoja wao, Mwingereza aitwaye Henderson, anachoka kupiga picha watoto wa kituo cha yatima kisha kuwaacha palepale. Anamchukua msichana mmoja, Emira, anaenda naye London. Kisa chenyewe hakikubuniwa chote. Kimetokana na kitabu cha Michael Nicholson, mwandishi wa ITN, ambaye mwaka 1992 alimtoa kweli mtoto Sarajevo.

Taa zilipowashwa, mhadhiri akauliza: alifanya sawa? Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikasema mwandishi akishaingia ndani ya habari yake hawezi tena kuisimulia. Wenzangu wawili waliandika maneno hayo kwenye madaftari yao, nami nikajisikia msomi. Nilikuwa nimesharudi hosteli, nakula chipsi, ndipo nilipomkumbuka Shangazi.

Kwetu Muleba, Shangazi huyu hutambulishwa kwa maneno matatu: alikuja na vita. Nimeyasikia tangu nikiwa mdogo, kama mtu anavyosikia kwamba fulani ni mrefu au fulani ana duka. Sikuwahi kuuliza alikuja vipi, wala alimwacha nani.

Vita vyenyewe, kila aliyesoma Tanzania anavijua kwa tarehe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Siku iliyofuata Nyerere akaliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto ule. Wilayani kwetu, pale Kaboya, wamelala mamia ya askari ambao hawakurudi kwao.

Lakini kwa watu wa nyumbani vita hivyo havikuwa na picha. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Waandishi wa nje walikuwepo wachache. Wamarekani Tony Avirgan na Martha Honey waliingia Uganda nyuma ya jeshi letu, baadaye wakaandika kitabu. Wengine wanne, Waswidi wawili na Wajerumani wawili, walivuka Ziwa Victoria Aprili 1979 wakauawa na askari wa Amin. Bibi yangu yeye alikuwa na redio ya betri, na betri zikiisha nguvu alizianika juani.

Nikaona nimepata mradi wangu wa mwisho wa masomo: filamu ya dakika kumi, Shangazi mbele ya kamera, vita visivyo na picha hatimaye vipate sura. Hayo ndiyo maneno niliyoandika kwenye pendekezo, na mhadhiri aliyapigia mstari kwa wino wa kijani.

Shangazi anaishi Bukoba mjini, Kashai, na anauza ndizi sokoni. Sebule yake ina ufa ulioachwa na tetemeko la Septemba 2016, unaoshuka kutoka kwenye dari hadi karibu na sakafu. Nikamsogezea kiti mbele ya ufa.

"Nitoe hapo," akasema. "Watu wataona sijarekebisha nyumba."

Nikamhamishia dirishani. Nikafunga simu kwenye kijiti chake, nikabonyeza, nikamuuliza ulijisikiaje vita vilipoanza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. Kisha akaanza kunieleza habari za senene.

Ulikuwa msimu wao. Alikuwa na miaka mitano, kwao ni ng'ambo ya mto, upande wa Mutukula, na jioni ile walikuwa wakinyonyoa senene uani. Nilitaka arudi kwenye mizinga na askari, lakini sikumkatiza. Akasema waliondoka usiku, wakaacha senene kwenye ungo. Walitembea hadi karibu na daraja la Kyaka. Hapo palikuwa na lori lililojaa watu. Mama yake akampandisha, akamkabidhi kwa jirani, akasema anarudi kumchukua babu ambaye miguu ilimshinda. Lori likavuka. Mwanzoni mwa Novemba askari wa Amin wakalivunja daraja.

Jirani alifika naye hadi Muleba, nyumbani kwa Bibi, kwa sababu kulikuwa na taa. Asubuhi jirani akaendelea na safari ya kutafuta ndugu zake. Shangazi akabaki.

"Halafu mama yako?"

"Alikuja."

Hilo sikulitegemea. Miaka yote nilidhani aliuawa.

Mama yake alikuja katikati ya mwaka 1979, mamlaka zilipowaruhusu watu kurudi makwao. Babu alikuwa amekufa, nyumba imechomwa, ng'ombe wameswagwa kwenda Uganda. Alikuwa ameuliza njia nzima, nyumba hadi nyumba. Alipofika alimkuta binti yake kwenye kibanja, anaokota kahawa zilizodondoka. Akamwita jina lake kwa lafudhi ya ng'ambo ya mto.

"Nilipiga magoti nikamwamkia," Shangazi akasema. "Nikamwamkia kama mgeni. Nikakimbia ndani kumwambia Mama kuna mgeni."

Mama, hapo, ni Bibi yangu.

Yule mwanamke alikaa siku nne. Alimsaidia Bibi kupalilia. Siku ya nne akasema anakwenda kujenga kwanza, atarudi kumchukua mtoto. Alirudi kila msimu wa senene, na kila mara alimkuta mtoto amekuwa mkubwa zaidi na wa kwingine zaidi. Mwaka 1986 hakuja.

Mwishoni mwa ile filamu, mama mzazi wa Emira anazungumza na binti yake kwa simu, anaelewa kwamba mtoto ameshakuwa wa London, anakubali kusaini. Darasani tulijadili eneo hilo kwa nusu saa. Tulimjadili Henderson.

Shangazi alinyamaza. Nje bodaboda ilipita. Simu ilikuwa bado inarekodi, na nakiri kwamba nilitazama kwanza kama sura yake imekaa vizuri kwenye mwanga.

"Hiyo usiionyeshe," akasema.

"Sehemu gani, Shangazi?"

"Kumwamkia."

Kesho yake nikapanda basi dogo kwenda Muleba. Bibi alikuwa amekaa barazani, anamenya ndizi. Nikapiga magoti, kampilewaitu, akaitikia, akanipa kisu na mimi. Sikutoa simu. Baada ya muda nikamwambia nimetoka kwa Shangazi, na kwamba amenieleza habari za mama yake.

Aliendelea kumenya mpaka ndizi ile ikaisha.

"Kila alipokuja nilimwambia mtoto aende na mama yake," akasema. "Ila sikusema kwa nguvu."

Kisha akasema kitu ambacho baba yangu mwenyewe hakuwahi kuniambia: kwamba mwaka ule 1978, kabla ya vita, alikuwa amemzika binti wa umri uleule. Nguo alizomvalisha Shangazi asubuhi ya kwanza zilikuwa za marehemu, na zilimwenea.

Nilirudi Dar es Salaam na dakika kumi na moja ambazo zingenipa alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Usiku mmoja nilizihariri hadi saa tisa. Nilijaribu kukata ile sehemu ya kuamkia. Filamu ikabaki bila moyo. Nikairudisha, nikaitazama tena, nikamwona mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini akiniomba jambo moja tu. Nikaifuta. Nikawasilisha filamu nyingine, ya wazee watatu wa Muleba wakieleza jinsi walivyosikiliza vita kwenye redio. Mhadhiri aliandika kwamba imetengenezwa vizuri ila haina mtu.

Swali la kama Henderson alifanya sawa sijalijibu tena. Najua tu kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na mtu aliyemchukua mtoto wa vita, na hakuwa na kamera, na bado hajamaliza kujiuliza.

Makala hii nilimsomea Shangazi kwa simu kabla ya kuituma, yote, pamoja na sehemu ile. Nilimwambia akisema hapana naiacha. Akakaa kimya mpaka nikadhani bando limekata.

"Kuandika sawa," akasema. "Sura yangu na jina langu visiwepo."

Alikuwa na sahihisho moja. Nilikuwa nimeandika kwamba mama yake alikaa siku tatu.

"Zilikuwa nne," akasema. "Nilizihesabu."

Nimerekebisha.